Kalibu za Silikoni Nyumbani: Kazi na Tahadhari Zake



Mazungumzo haya yanahusu kazi ya mikono ifanyikayo uani: kutengeneza kalibu ya silikoni na kumimina humo vitu vidogo kama vifungo, mapambo na sanamu. Vifaa vyake hupatikana madukani kwa urahisi. Hasara zake, zisipoangaliwa, huwafikia hata majirani.

Silikoni ifaayo ni ile ya kuzibia madirisha ya vioo, yenye harufu kama ya siki. Hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewa. Kwa hiyo donge nene hukauka juu na kubaki bichi ndani. Dawa yake ni kuikanda pamoja na wanga wa mahindi, ule utiwao katika mchuzi ili uwe mzito, kwa vipimo vinavyokaribiana. Wanga hufikisha unyevu hadi katikati ya donge. Kazi hiyo hufanyika nje penye upepo, kwa mikono iliyovaa glavu, katika chombo kisichorudi tena jikoni.

Kiolezo hubandikwa juu ya kigae na kupakwa mafuta ya mgando. Tabaka jembamba hukandamizwa kwanza ili lishike kila mchoro, kisha huongezwa unene hadi sentimita 1 hivi. Kalibu iachwe hadi kesho yake, ndipo kiolezo kitolewe.

Kinachomiminwa aghalabu ni jasi ya unga, yaani jipsamu. Unga ndio utiwao katika maji, si maji katika unga: takriban vikombe 2 vya unga kwa kikombe 1 cha maji. Kalibu hugongwagongwa taratibu ili mapovu yapande juu.

Mambo manne yazingatiwe. Kwanza, kalibu hii isitumike kwa barafu, peremende wala chakula chochote. Silikoni ya ujenzi yaweza kuwa na dawa ya kuzuia ukungu. Pili, mtoto asizamishe mkono katika jasi ili kupata umbo lake. Jasi hutoa joto inapoganda, na mkono ulionaswa huungua vibaya. Tatu, risasi ya betri kuukuu isiyeyushwe nyumbani. Mvuke na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Nne, jasi isimwagwe katika sinki wala mtaroni, kwani huganda hata chini ya maji, na mtaro ulioziba hujulikana masika yafikapo. Mabaki yagande ndooni, kisha yatupwe pamoja na taka ngumu.

Kwa wenye nia ya kuifanya kazi hii biashara, sheria ya Tanzania huzitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndiye mlango wa kuingilia. Kikundi kiendacho ofisini na vifungo kumi vilivyolingana kina hoja nzito kuliko kiendacho na maneno matupu.