Kapenguria na Wanaoifuata

Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilitafuta mahali pa kumshtaki Jomo Kenyatta na wenzake watano, mbali na macho ya Nairobi. Kapenguria ikafaa. Reli haikufika, hoteli haikuwepo, na mgeni hakuingia bila kibali. Hata mahakama ilibidi iwekwe katika jengo la shule. Wakili wao, D. N. Pritt, alilala Kitale, kilomita 40 hivi kutoka hapo. Aprili 1953 hukumu ikatoka: kifungo cha miaka saba na kazi ngumu.

Vyumba walimozuiliwa sasa ni makumbusho, na Kapenguria ni makao makuu ya Kaunti ya Pokot Magharibi. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, watu huja kwa miguu yao: mzazi anafuata basari, mwanakandarasi anafuata zabuni, mzee anafuata kesi ya shamba.

Afisi ziko Kapenguria, lakini pesa ziko Makutano.

Makutano ni kilomita chache tu kutoka huko, kwenye barabara kuu ya Kitale kwenda Lodwar. Hapo ndipo penye maduka, malori na bodaboda wanaogombania abiria.

Ila serikali bado iko mbali kwa wengi. Kacheliba na Alale, upande wa mpakani, zilisimamiwa na Uganda hadi mwaka 1970. Na Novemba 2019, maporomoko ya ardhi yalipoua zaidi ya watu 40 katika kaunti hii, barabara na madaraja yalikatika, waokoaji wakakwama njiani.

Mama wa Alale anaondoka alfajiri, anafika mjini akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi, kisha anaambiwa dirishani, "Afisa ametoka, rudi kesho." Kesho hiyo ni kitanda cha kulipia Makutano, chakula, na mbuzi walioachiwa watoto. Kabla ya kaunti kujenga afisi nyingine Kapenguria, basi, iwape maafisa wa basari na wa ardhi gari na muhuri, waende Alale siku ya soko, na ratiba yao itangazwe redioni wiki moja kabla.