Njia ya Nyumbani: Kwanza Toa Maji, Halafu Weka Lami

(Haya ni mazungumzo ya fundi wa barabara mbele ya wahitimu wa kisomo. Tumeyaandika kama yalivyosemwa.)



Leo nimeombwa nizungumze juu ya njia ya kuingia nyumbani. Sizungumzii barabara ya Serikali. Nazungumzia njia yako mwenyewe, inayotoka barabarani mpaka mlangoni kwako. Njia hiyo ni fupi, pengine hatua thelathini tu. Lakini ikiharibika, mambo mengi huharibika pamoja nayo. Masika ikifika, lori haliwezi kuingia kuchukua magunia yako, na unalipa wabebaji. Mgonjwa anabebwa kwa machela mpaka barabarani. Na mama mwenye uchungu hawezi kungoja tope likauke.

Siku hizi wengi wamejenga nyumba nzuri za bati. Mtoto aliyeko mjini akija na gari, mzee anasema, "Na mimi nitaweka lami kwangu." Ni jambo jema. Lakini nina neno moja leo, na ninaomba mlishike: adui mkubwa wa njia si gari, ni maji. Lami ni kofia tu. Kofia haimsaidii mtu aliyesimama ndani ya tope.

LAMI NI NINI?

Lami ya siku hizi hutokana na mafuta yanayochimbwa ardhini. Wakishatoa petroli, mafuta ya taa na dizeli, hubaki uji mweusi, mzito. Huo ndio lami. Kazi yake ni kugandisha mawe pamoja na kuzuia maji yasipenye kwenda chini. Lami haibebi gari. Kinachobeba gari ni mawe na udongo ulio chini yake.

Jambo hili si geni. Zaidi ya miaka 200 iliyopita alikuwapo mtu wa Uskoti, jina lake John Loudon McAdam. Yeye alifundisha kwamba udongo wenyewe unaweza kubeba magari, mradi uwe mkavu. Basi aliinua barabara, akachimba mitaro, akatandika mawe madogo yaliyopondwa. Lami ilikuja baadaye. Mwaka 1902 Edgar Purnell Hooley aliandikisha namna yake ya kuchanganya lami na mawe kwa ajili ya barabara. Mnaona? Ukavu ulitangulia, lami ikafuata. Na wewe nyumbani kwako fuata utaratibu huohuo.

SOMA MAJI KWANZA

Kabla ya kununua chochote, ngoja mvua kubwa inyeshe. Chukua mwavuli, toka nje, simama, tazama. Maji yanatoka wapi? Yanakwenda wapi? Yanatuama wapi? Paa la bati linamwaga wapi? Weka kigingi kila mahali maji yanapotuama. Mvua ikikatika, vigingi hivyo vitakuwa ramani yako. Hakuna fundi atakayekuuzia ramani nzuri kuliko hiyo.

Tazama na udongo. Udongo mweusi wa mbuga ni mkorofi. Ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka. Ukiweka lami juu yake, nayo itapasuka. Udongo huo uchimbe na kuutoa, ujaze moramu mahali pake.

KAZI YA MIKONO YETU

Kazi kubwa ya njia hii haihitaji mtambo. Inahitaji jembe, sururu, beleshi, toroli, kamba, vigingi na shindilio. Fuateni hatua hizi:

1. Pima upana. Kwa gari moja, mita 3 zinatosha. Funga kamba kwenye vigingi pande zote mbili ili njia inyooke.

2. Ondoa majani, mizizi na udongo wa juu wenye mboji. Udongo huo peleka bustanini. Ni mzuri kwa mchicha, kwa njia haufai.

3. Chimba mtaro pande zote mbili. Mtaro lazima uwe na mteremko na uwe na mwisho. Mtaro usio na mwisho ni bwawa la mbu.

4. Tandika moramu kidogo kidogo, tabaka la sentimita 10, halafu lishindilie. Ongeza la pili, ulishindilie tena. Msitandike lote mara moja, kwa maana shindilio la mkono halifiki chini. Moramu iwe na unyevu wa kiasi. Ikamate mkononi, ikaze. Ikishikamana bila kutoa maji, iko tayari.

5. Inua katikati. Katikati ya njia pawe juu kuliko kingo kwa sentimita 7 hivi, yaani upana wa vidole vinne. Mvua ikinyesha, maji yakimbilie mtaroni. Njia iwe na mgongo kama wa samaki, isiwe na tumbo kama la mtumbwi.

Ukimaliza hapo, tumia njia hiyo masika nzima. Mahali patakapodidimia, chimba, jaza, shindilia. Njia iliyoshinda masika moja bila lami ndiyo inayostahili lami. Na wengine mtaona kwamba hata lami hamuihitaji.

KALAMU NI SILAHA

Sasa tutumie hesabu tulizojifunza kisomoni. Tuseme njia yako ina urefu wa mita 20 na upana wa mita 3. Unataka moramu ya kina cha sentimita 20 kabla ya kushindilia. Sentimita 20 ni mita 0.2. Zidisha: 20 mara 3 ni 60. Halafu 60 mara 0.2 ni 12. Unahitaji mita za ujazo 12. Baada ya kushindiliwa, kina kitapungua, kitakuwa kama sentimita 15.

Anakuja mwenye lori, anasema, "Gari langu linabeba mita 5. Tripu tatu zinakutosha." Usibishane naye. Chukua utepe, mpime bodi ya gari pamoja. Mkikuta urefu ni mita 3, upana mita 2 na kina nusu mita, hesabu ni rahisi: 3 mara 2 mara 0.5 ni mita 3 tu. Tripu tatu ni mita 9. Ungelipia 15, ukapata 9. Asiyejua hesabu angesema moramu imeyeyuka!

LAMI YENYEWE

Lami iko ya namna nyingi. Ile ya moto huchanganywa na kokoto mtamboni, ikaletwa kwa lori ikiwa na joto la nyuzi 150 hivi. Ni lazima itandazwe na kushindiliwa kabla haijapoa. Kama mtambo uko mbali na kijiji, lami itafika imeganda, na fedha yako imepotea. Tena ni nyingi. Kwa njia yetu ya mita 20, unene wa sentimita 5 unataka tani 7 hivi.

Kwa kijijini, lami baridi inafaa zaidi. Hii ni lami iliyosagwa ikawa matone madogo sana ndani ya maji. Fundi huimwaga juu ya msingi uliofagiwa vizuri, kisha hutandaza kokoto ndogo, safi, akazishindilia. Maji huondoka, lami hushika mawe. Siku ya mvua kazi hii haifanywi. Na kingo zikazwe kwa mawe au zege, kwa sababu kamba hukatikia pabovu, na pabovu pa lami ni pembeni.

Msijaribu kuchemsha lami wenyewe nyumbani. Ikiingia maji inafura na kurukia watu. Mtu akiungua kwa lami, mmwagieni maji safi ya baridi kwa dakika 20 au zaidi. Msiibandue lami kwenye ngozi. Mpelekeni zahanati.

FEDHA IKIWA HAITOSHI

Si lazima kufunika njia yote. Tengeneza mikanda miwili tu, mahali magurudumu yanapopita. Nchi ya Zimbabwe, ilipokuwa ikiitwa Rhodesia ya Kusini, ilijenga barabara ndefu za namna hiyo katika miaka ya 1930. Kila mkanda ulikuwa na upana wa sentimita 60 hivi. Kama magari makubwa yalipita juu yake, wewe una haya gani? Waweza kuitengeneza kwa zege au kwa mawe yaliyopangwa. Katikati acha nyasi fupi.

JIRANI NA SERIKALI

Maji unayoyatoa kwako yanakwenda kwa nani? Ukiyaelekeza kwenye nyumba ya jirani, umejenga njia na umebomoa ujirani. Kaeni pamoja kabla ya kuchimba. Pengine mtaro mmoja utawafaa wote.

Tena, njia yako inapokutana na barabara, usifukie mtaro wa barabara kwa udongo. Ukiufukia, maji yatapanda barabarani na kuikata, na kijiji kizima kitakosa njia. Weka kalavati, maji yapite chini. Lakini omba ruhusa kwanza. Barabara kuu na za mkoa zinasimamiwa na TANROADS. Barabara za wilaya na vijiji ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaweka hifadhi ya barabara kuu na za mkoa mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Ukijenga humo bila ruhusa, unaweza kuamriwa kuvunja. Anza kwa mtendaji wa kijiji, naye atakuelekeza.

Mwisho, jihadharini na mtu anayekuja jioni na gari, akisema, "Nimebakiwa na lami, nakuuzia rahisi, lipa sasa hivi." Huenda ni lami ya wizi. Huenda ataimwaga juu ya vumbi na kutoweka. Fundi wa kweli hukubali kuandikiana: urefu, upana, unene, bei, na atarudi lini pakipasuka. Mnajua kusoma. Someni kabla ya kutia sahihi.

Na njia ikiisha, itunzeni. Zibueni mitaro kabla ya masika. Msimwage dizeli wala oili chafu juu ya lami, maana huilainisha. Mkiona ufa mdogo, uzibeni upesi. Wahenga walikwisha sema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.



MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini mzungumzaji anasema lami ni kofia?
2. Njia ya mita 15 kwa mita 3, kina cha sentimita 20, inataka mita ngapi za ujazo za moramu?
3. Katika kijiji chetu, ni mtaro gani umeziba? Nani atauzibua, na lini?