Usalama wa Kuchanganya Dawa za Mzio wa Ngozi: Hali ya Maduka Yetu ya Dawa

Mada kwa semina ya watoa dawa na wahudumu wa afya ya jamii, Mtawanya, Wilaya ya Kibiti



Vipele vya mzio vinavyovimba, kuwasha na kupotea kisha kurudi kwa zaidi ya wiki 6 ndivyo tunavyoviita sugu. Hilo mnalijua. Tiba huanza na setirizini au loratadini. Zikishindwa, daktari bingwa anaweza kufikia sindano za kibayolojia kama omalizumabu, iliyoidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 2014, au dupilumabu. Kumpa mgonjwa mmoja zote mbili kwa pamoja bado hakuna ushahidi wa kutosha wa usalama wake, na maelezo ya dawa zenyewe yanatahadharisha kuhusu minyoo.

Sindano hizo hazipo madukani kwetu. Uchanganyaji upo.

Mgonjwa huja kutoka deltani na dawa kwenye karatasi isiyoandikwa kitu: prednisoloni, piritoni za njano, na tyubu ya krimu yenye dawa tatu ndani, klotrimazoli ya fangasi, jentamaisini ya bakteria na betamethasoni, ambayo ni steroidi. Akipaka, baada ya siku chache mwasho unatulia. Kama ni choa, fangasi inaendelea kuenea, lile duara linafutika, na mganga wa zahanati hautambui ugonjwa tena. Kama ni upele, anaambukiza nyumba nzima akidhani amepona.

Linaloniuma zaidi ni prednisoloni, ambayo nayo ni steroidi. Mnyoo wa strongiloidi huingia kwa ngozi ya mguu ulio peku kwenye udongo wenye unyevu, na tofauti na safura, huzaliana ndani ya mwili miaka mingi. Mnyoo wenyewe huleta mwasho. Mtu anapewa steroidi kwa mwasho wa mnyoo, kinga inashuka, mnyoo unasambaa mpaka mapafuni, na anaweza kufa. Nimelisema hili vikaoni kwa miaka, na vidonge bado vinahesabiwa kiganjani na kuuzwa.

Kwa kuheshimu mamlaka husika, napendekeza krimu ya mchanganyiko isiuzwe kabla ngozi haijaangaliwa zahanati. Kila pakiti iandikwe jina la dawa. Mwenye mwasho wa muda mrefu aulizwe ameshatumia nini, miti shamba ikiwemo, kabla ya kuongezewa chochote. Apimwe choo, na kwa kuwa kipimo kimoja huweza kumkosa strongiloidi, daktari afikirie ivamektini kabla ya steroidi. Dozi moja ya albendazoli haitoshi. Mvuvi na dereva wa bodaboda wasipewe piritoni, inaleta usingizi. Setirizini ina nafuu. Aliyekunywa prednisoloni kwa wiki kadhaa asiiache ghafla, apelekwe hospitali apunguziwe taratibu. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) na Halmashauri wakague maduka mara kwa mara, na wakaguzi wafike hadi visiwani.

Nanyi mnaokaa kaunta, nawaomba tena: prednisoloni isitoke dukani bila cheti cha daktari.