Nyumba ya Mjenzi

Leo twataka tuwapeleke London, si kutazama majumba ya wafalme, bali kuingia nyumba ya fundi mmoja, mwana wa mwashi.

Jina lake John Soane, aliyezaliwa mwaka 1753. Alijifunza kuchora ramani za majengo, na mwaka 1788 akakabidhiwa majengo ya Benki Kuu ya Uingereza, akayasimamia miaka 45.

Nyumba yake iko Lincoln's Inn Fields. Tukiingia, twaona vyumba vidogo, lakini havina kiza, kwa kuwa alitoboa paa akatia vioo, nuru ikashuka kutoka juu. Katika chumba cha picha, kuta hufunguka kama milango, na nyuma yake mna picha nyingine. Chini kabisa liko jeneza la jiwe la Seti, mfalme wa Misri ya kale, alilolinunua mwaka 1824 kwa pauni 2,000. Vitu hivi aliviweka ili wanafunzi wajifunze kwa macho yao.

Lakini nyumba hii ina huzuni yake. Soane alitumaini kwamba wanawe watarithi kazi yake, nao hawakuitaka. Mwaka 1815 mwanawe George aliandika gazetini, pasipo kutaja jina lake, akiitukana kazi ya baba yake. Na mwaka uo huo mama yake akafariki. Basi mwaka 1833 Soane alipata sheria ya Bunge kwamba, akifa, nyumba iwe ya watu wote, na ihifadhiwe kama alivyoiacha. Alikufa mwaka 1837, na hata leo watu huingia bila kulipa.

Sasa fikirini. Ile Benki yenye kuta nene za mawe, sehemu kubwa ya kazi ya Soane ilibomolewa kati ya miaka ya 1925 na 1939. Nyumba yake ndogo imesalia. Haikuokolewa na unene wa ukuta, bali na watu walioijua thamani yake.

Nasi tunazo tembe za wazee wetu: za Wagorowa zenye paa tambarare la udongo, na za Wairaqw zilizochimbwa ubavuni mwa mlima ili kuficha ng'ombe wasiporwe. Siku hizi bati limeshika mahali pa udongo, wala hatulaumu. Lakini tembe ikianguka kabla ya kupimwa, maarifa ya aliyeijenga huzikwa pamoja nayo.

Basi, enyi wanafunzi, kama kwenu ingaliko tembe, mwendeeni babu, mwamkieni kwa heshima, mwulizeni nguzo zake ni za mti gani na udongo wa paa ulishindiliwaje. Pimeni, choreni, andikeni na jina la fundi. Daftari moja lililotunzwa vema laweza kuwa mwanzo wa nyumba ya makumbusho.