Somo la Hiari Si Somo la Kupuuzwa



Chuo cha Ushirika Moshi kilianzishwa mwaka 1963, na mwaka 2014 kikawa Chuo Kikuu. Vijana wetu waliomo vyuoni husoma masomo ya lazima, lakini yale ya hiari, kama ujasiriamali, uongozi na maandalizi ya kazi, wengi huyapuuza.

Katika ukaguzi nilimkuta mhasibu kijana mwenye shahada. Vitabu vyake vilikuwa safi. Hata hivyo, alipoona kilo za mizani hazilingani na za ghalani, alinyamaza kwa kumwogopa mwenyekiti. Wakulima wakakosa malipo ya pili. Hesabu alizijua, uongozi hakujifunza.

Basi, chama kinapomlipia kijana karo, kimwulize: somo la hiari umechagua lipi?