Kioo cha Jichoni katika Darubini

Mwenye darubini atamaniye kuziona pete za Zuhali asighurike na ahadi za ukuzaji mkubwa, kwani siri imo katika kile kioo kidogo cha jichoni: urefu wa fokasi wa darubini, tuseme milimita 1000, ukigawanywa kwa ule wa kioo hicho, tuseme 25, hupatikana ukuzaji wa mara 40, nao, kwa rai yangu, ndio ustahikio kutangulia. Kabla ya kununua kioo hicho, pima tundu la darubini la kukipachikia. Aghalabu ni milimita 31.7, ila baadhi ya darubini kongwe zina 24.5. Ama ukitaka kulitazama jua, kichujio chake, nakusihi, kifunge barabara mbele ya darubini, kamwe si penye jicho, ambapo joto lililokusanyika laweza kukipasua na kukupofua papo hapo.