TULIHESABIWA WOTE, TUHUDUMIWE WOTE

Haya ndiyo tuliyoyasema kwenye mkutano wa tawi.

Sensa ya Agosti 2022 ilikuta watu 1,649,912 Ilala, eneo la Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Tuliulizwa umri, jinsia, ulemavu, maji, choo. Majibu hayo yaongoze bajeti. Kuzipa kata zote fungu sawa siyo haki, iwapo kata moja ina watoto mara mbili ya jirani yake na madarasa ni yale yale.

Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Tunamtaka diwani wetu aulize, kwa kila mtaa: walengwa ni wangapi, na waliokopeshwa ni wangapi? Tunataka idadi tu. Siri za kaya zibaki siri.

Mali bila daftari huisha bila habari. Kila mwanachama afike mkutano wa mtaa aulize swali hilo hilo, na jibu libandikwe ubaoni ofisi ya mtaa.

Uongozi wa Tawi